Jersey: kisiwa kinachofungulia mitaji ya dunia na kuifungia ardhi yake

Katika habari za biashara, mikataba ya uwekezaji na kesi za ufisadi, maneno "kampuni iliyosajiliwa Jersey" hujitokeza mara kwa mara, na mara nyingi huachwa bila maelezo. Msomaji hubaki na mojawapo ya dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba Jersey ni sehemu ya Uingereza, kwa hiyo kampuni hiyo ni ya Kiingereza tu, ila anwani yake iko kisiwani. Ya pili ni kwamba Jersey ni mahali ambapo sheria hazipo, au zimelegezwa makusudi ili matajiri wafiche mali zao. Dhana ya kwanza si ya kweli. Ya pili ina ukweli ndani yake, tena ukweli unaouma, lakini anayeishia hapo hawezi kueleza kampuni hiyo inafanyaje kazi, inadaiwaje, wala fedha zilizopita ndani yake zinarudishwaje zilikotoka. Kisiwa hiki kilicho karibu na pwani ya Ufaransa, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 118, ambacho sensa ya mwaka 2021 ilikuta kina wakazi takriban 103,000, kina sheria nyingi mno kwa ukubwa wake: bunge lake, mahakama zake, kodi zake, na mapokeo ya sheria ya ardhi yaliyoanza enzi za watawala wa Normandy, eneo la kaskazini mwa Ufaransa.

Kinachowachanganya watu wengi ni kwamba sheria hizo zina nyuso mbili. Mgeni anayeleta mtaji wake kutoka ng'ambo hukuta mlango wazi: anaweza kuunda kampuni, amana (mali anayokabidhiwa mdhamini aisimamie kwa faida ya wengine) au mfuko wa uwekezaji kwa haraka, na kodi ya kisiwa isimguse. Mgeni huyohuyo akitaka kununua nyumba ya kuishi, kufungua duka au kuajiriwa, hukuta vibali, masharti ya miaka ya ukazi na viapo mbele ya mahakama. Nyuso hizi zinapaswa kusomwa pamoja, kwa sababu kisiwa kimeweza kuwa mkarimu kwa mali iliyo mbali kwa vile kimekuwa mkali kwa mali iliyo ndani ya mipaka yake.

Tuanze na hadhi yake, kwani hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mwaka 1204 Mfalme John wa Uingereza alinyang'anywa Normandy na Mfalme Philip wa Pili wa Ufaransa. Visiwa vya Channel, yaani Jersey na visiwa jirani, ambavyo hadi wakati huo vilikuwa sehemu ya milki hiyo ya Normandy, vilibaki upande wa John, na wenyeji wake wakaachiwa kuendelea na sheria na mila zao. Tangu hapo utii wa Jersey umekuwa kwa mfalme mwenyewe. Kisiwa hakijawahi kuunganishwa na Uingereza wala kuwa koloni lake kwa maana tunayoifahamu Afrika Mashariki. Msomaji wa Tanzania asiharakishe kukilinganisha na Zanzibar, kwa sababu Zanzibar ina wabunge katika Bunge la Jamhuri ya Muungano, ilhali Jersey haina hata mbunge mmoja kule Westminster, na kwa desturi ya kikatiba iliyokubaliwa pande zote, Bunge la Uingereza halikitungii kisiwa sheria za mambo yake ya ndani bila ridhaa yake. Serikali ya London inabeba ulinzi na, kwa kiasi kikubwa, mahusiano ya kimataifa.

Mgawanyo huo ulionekana waziwazi mwezi Mei 2021. Baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, wavuvi wa Ufaransa walikusanya mashua zao nje ya bandari ya St Helier, mji mkuu wa Jersey, kupinga masharti mapya ya leseni za uvuvi. Leseni zilikuwa zimetolewa na serikali ya Jersey. Meli mbili za kivita zilizotumwa kuangalia hali zilikuwa za Uingereza. Tukio hilo moja lilionyesha nani anaamua nini: aliyetia saini leseni na aliyetuma manowari ni serikali mbili tofauti.

Sheria mpya ya Jersey hupitishwa na bunge la kisiwa, hupelekwa London kupata idhini ya mfalme kupitia Baraza lake la Ushauri, kisha husajiliwa katika Mahakama ya Kifalme ya Jersey ndipo ianze kutumika. Mahakama hiyo nayo ina muundo wake. Anayeiongoza huitwa Beilifu, na yeye au naibu wake huamua masuala ya kisheria, wakati masuala ya ukweli na ushahidi huamuliwa na Majurati, watu wa kuheshimika kumi na wawili waliochaguliwa kwa kazi hiyo, ambao huketi wachache kwa kila shauri na hawalazimiki kuwa wanasheria. Rufaa huenda Mahakama ya Rufani ya Jersey, na mwisho kabisa kwenye Kamati ya Mahakama ya Baraza la Ushauri la Mfalme kule London, chombo kilekile kilichokuwa kikimaliza rufaa za Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Kisiwa hutoa pia noti na sarafu zake, zenye thamani sawasawa na pauni ya Uingereza, lakini hakina benki kuu, na noti zake huwa vigumu kuzitumia ukivuka bahari.

Sasa twende kwenye mapokeo ya kale, ambayo wafanyabiashara wengi huyapita wakidhani ni mambo ya makumbusho. Wakili wa Nairobi au Dar es Salaam amelelewa katika sheria ya mikataba yenye mizizi ya Kiingereza, ambayo hutaka kila upande utoe kitu chenye thamani ili ahadi iwe na nguvu. Jersey haikupita njia hiyo. Mkataba wake husimama juu ya nguzo nne: ridhaa ya pande zote, uwezo wa kisheria wa wahusika, jambo mahususi linaloahidiwa, na sababu, yaani lengo linaloufanya wajibu wa upande mmoja uwe na maana mbele ya wajibu wa mwingine. Majaji wa kisiwa, wanapokosa jibu katika hukumu zao, bado hurejea maandiko ya Pothier, mwanasheria Mfaransa aliyefariki mwaka 1772. Wakati huohuo, katika masuala ya kampuni na amana, wao hutazama zaidi hukumu za Uingereza. Kwa hiyo mkataba unaosema "utasimamiwa na sheria ya Jersey" si mkataba wa Kiingereza kwa jina jingine, na anayeutia saini kwa dhana hiyo anaweza kujikuta anahukumiwa kwa kanuni za kosa la ridhaa au udanganyifu ambazo hakuwahi kuzisoma.

Ardhi ndiko mapokeo hayo yanakotawala zaidi. Katika nchi nyingi mauzo ya nyumba hukamilika kwa hati kusajiliwa ofisini. Jersey, mauzo ya kawaida ya nyumba au shamba hukamilika mahakamani. Ijumaa alasiri, wanunuzi na wauzaji, au mawakala wao waliopewa nguvu ya kisheria, husimama mbele ya Mahakama ya Kifalme, huinua mkono wa kulia na kuapa kwamba hawatakiuka mkataba uliosomwa kwa ufupi mbele yao. Hapo ndipo umiliki unapohama. Hadi mwaka 2006 mikataba hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Kabla ya kiapo, ikiwa hakuna makubaliano ya awali yaliyotiwa saini, upande wowote unaweza kujitoa, jambo linalowashtua wanunuzi wanaodhani kupeana mikono kumewafunga wote. Hata upangaji unaozidi miaka tisa hupitishwa mahakamani kwa utaratibu huohuo.

Uzito wa ardhi unaonekana pia katika Clameur de Haro, dawa ya kisheria ambayo hadi leo haijafutwa. Mtu anayeona jirani yake anaingilia ardhi yake, kwa mfano anabomoa ukuta au kuchimba msingi mahali pasipo pake, anaweza kupiga magoti papo hapo mbele ya mashahidi wawili na kupaza sauti kwa Kifaransa akimwita mfalme amsaidie kwa kuwa anadhulumiwa. Kazi hulazimika kusimama mara moja hadi mahakama iamue, na aliyepiga ukelele bila haki huadhibiwa. Hutumika kwa nadra sana, na sitaki msomaji adhani kwamba migogoro ya kila siku ya mipaka huendeshwa hivyo. Mawakili huandika barua na kufungua maombi kama kwingineko. Naitaja kwa sababu inaonyesha jinsi sheria ya kisiwa inavyoihesabu ardhi kuwa jambo la kulindwa na jamii nzima.

Watu wenye fedha walitafuta njia ya kuukwepa utaratibu wa Ijumaa. Badala ya kununua nyumba, mtu hununua hisa za kampuni inayomiliki jengo, na hisa hizo humpa haki ya kukaa katika fleti fulani. Uhamisho wa hisa haupiti mahakamani, hivyo kwa miaka mingi haukulipiwa ushuru uliokuwa ukilipwa kwenye mikataba ya ardhi. Serikali iliziba mwanya huo kwa sheria ya mwaka 2009, iliyoanzisha kodi inayolingana na ushuru huo kwa miamala ya hisa za aina hii. Mfuatano huu wa mapokeo ya kale, mbinu mpya ya kuyazunguka na sheria ya kuiziba umejirudia Jersey katika nyanja nyingi.

Juu ya yote hayo kuna sheria ya mwaka 2012 ya kudhibiti makazi na kazi, ambayo kwangu ndiyo sheria muhimu kuliko zote kwa mtu anayefikiria kuhamia kisiwani, ingawa vipeperushi vya kuvutia wawekezaji huitaja kwa sentensi moja tu. Kwa mujibu wake, kila mkazi huwa na hadhi inayoamua anaweza kununua au kupanga nyumba gani na kufanya kazi gani. Mtu asiyeletwa na mwajiri mwenye kibali maalumu huhitaji miaka mitano ya kuishi mfululizo ndipo awe huru kufanya kazi popote, na kwa kawaida miaka kumi ndipo awe na haki kamili ya kununua nyumba. Biashara inayofanyika kisiwani huhitaji leseni, na leseni hiyo inaweza kutaja ni wafanyakazi wangapi wasio na ukazi wa muda mrefu wanaoruhusiwa. Mtu anaweza, kwa hiyo, kumiliki kampuni ya Jersey yenye mali ya mamilioni ya pauni huko Asia na Afrika, na bado asiwe na haki ya kununua chumba kimoja mjini St Helier.

Hapo ndipo tunapofika kwenye uso ule mwingine, ulio wazi kwa mtaji wa ng'ambo. Sheria ya amana ya mwaka 1984 ndiyo iliyolitangaza jina la Jersey miongoni mwa matajiri wa dunia. Msomaji wa pwani anayeujua wakfu hatapata taabu kuielewa amana: mwenye mali huitoa mikononi mwake na kumkabidhi mdhamini, ambaye huishika na kuisimamia kwa faida ya watu wengine au kwa kusudi maalumu. Tofauti ni kwamba amana ya Jersey haihitaji nia ya ibada, wanufaika wake wanaweza kubadilishwa ikiwa hati inaruhusu, na mwanzilishi anaweza kujibakizia madaraka kadhaa, ikiwemo ya kuelekeza uwekezaji. Tangu marekebisho ya mwaka 2006, inaweza kudumu bila ukomo wa miaka.

Amana si mtu kisheria. Haitii saini, haishtaki wala haishtakiwi; mdhamini ndiye anayefanya hayo yote. Jambo hili lina athari kubwa kwa anayeikopesha au kuiuzia bidhaa. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinasema kwamba mtu aliyefanya mkataba na mdhamini, akijua kuwa anashughulika naye kama mdhamini, anaweza kudai kutoka katika mali ya amana tu, na mali binafsi ya mdhamini haiguswi. Mkopeshaji asiyeuliza amana ina mali kiasi gani, au wanufaika wanaweza kugawiwa mali hiyo lini, anaweza kushinda kesi na kukuta hakuna cha kukamata. Wanaotaka chombo chenye nafsi ya kisheria wamepewa faundesheni kwa sheria ya mwaka 2009: ina baraza la kuiendesha, lazima mjumbe mmoja wa baraza awe mtoa huduma aliyesajiliwa na msimamizi wa sekta ya fedha, na ina mlinzi anayelichunga baraza hilo.

Kuna vifungu viwili vya sheria ya amana ambavyo, vikiwekwa bega kwa bega, vinaeleza Jersey kuliko kurasa nyingi za maelezo. Kifungu cha 9 kinaagiza kwamba uhalali wa amana ya Jersey upimwe kwa sheria ya Jersey, na kwamba haki za urithi wa lazima zilizowekwa na sheria za nchi nyingine zisitumike kuivunja. Kifungu cha 11 nacho kinasema amana ni batili kwa kadiri inavyodai kushika moja kwa moja ardhi iliyopo Jersey. Mali ya popote duniani inaweza kuingizwa katika amana. Udongo wa kisiwa chenyewe hauwezi.

Tofauti hiyo huongezeka ukitazama mirathi ya wenyeji. Mkazi wa Jersey aliyeacha mke na watoto hawezi kugawa kwa wosia mali yake yote inayohamishika apendavyo. Mjane au mgane hupata vyombo vya nyumbani na theluthi ya kinachobaki, watoto hupata theluthi nyingine, na marehemu alikuwa huru kuiamulia theluthi moja tu. Wanaoufahamu mgawanyo wa Kiislamu, ambamo wasia hauvuki theluthi, wataona kwamba sheria hii ya Kinormani ina wasiwasi uleule: mtu asife akawaacha walio wake mikono mitupu. Mimi siwezi kulipita jambo hili kimya. Kisiwa kinachomlinda mtoto wa mwenyeji dhidi ya wosia wa mzazi wake kimetunga pia kifungu kinachomzuia mtoto wa nchi nyingine kutumia ulinzi wa namna hiyohiyo wa nchi yake. Watetezi wa kifungu cha 9 husema mtu ana haki ya kupanga mali yake akiwa hai na kwamba sheria haihalalishi mali ambayo mwanzilishi hakuwa anaimiliki. Hoja hizo zina uzito, lakini haziondoi swali la kwa nini haki hiyohiyo ithaminiwe tofauti kwa kutegemea mtoto kazaliwa wapi.

Kampuni zinasimamiwa na sheria ya mwaka 1991. Kampuni binafsi yaweza kuwa na mkurugenzi mmoja, ya umma inahitaji angalau wawili. Hisa zinaweza kutolewa bila kuandikiwa thamani ya awali, na gawio linaweza kulipwa kutoka vyanzo vingi mradi wakurugenzi waliopitisha malipo watamke kwa maandishi kwamba kampuni itaendelea kuweza kulipa madeni yake kwa miezi kumi na miwili ijayo. Mkurugenzi anayetamka hivyo bila sababu za msingi anatenda kosa la jinai. Zipo pia kampuni za visanduku, zilizoruhusiwa mwaka 2006, ambazo hutenganisha mali na madeni ya kila kisanduku ili hasara ya kimoja isile mali ya kingine.

Kabla ya kutoa hisa, kampuni huhitaji kibali chini ya sheria ya kudhibiti ukopaji ya mwaka 1947, iliyotungwa kisiwa kilipokuwa kinajikwamua kutoka miaka ya kukaliwa na majeshi ya Ujerumani. Sheria ile ya dhiki ya baada ya vita imegeuzwa kuwa chujio: kupitia kibali hicho, Tume ya Huduma za Fedha ya Jersey, iliyoanza kazi mwaka 1998, huuliza ni nani hasa aliye nyuma ya kampuni na itafanya biashara gani, na inaweza kukataa.

Kodi ndiyo inayozua kelele nyingi, kwa hiyo tuipange vizuri. Tangu mwaka 2009 kampuni ya kawaida ya Jersey hutozwa asilimia 0 ya faida. Kampuni za huduma za fedha hutozwa asilimia 10. Kampuni za umeme, maji na simu hutozwa asilimia 20, na kiwango hichohicho huangukia mapato yatokanayo na kodi za pango au uendelezaji wa ardhi ya Jersey, hata kama anayeyapata ni kampuni isiyofanya kitu kingine. Ardhi tena. Mtu binafsi hulipa kodi ya mapato kwa kiwango cha juu cha asilimia 20, kiwango kilichowekwa mwaka 1940, na kuna kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 5. Kodi ya faida ya mtaji haipo, wala ya urithi. Maana yake ni kwamba gharama za hospitali, shule na barabara za kisiwa hubebwa zaidi na mishahara na matumizi ya wakazi, pamoja na faida za kampuni za fedha zinazohudumia wageni, wakati faida za kampuni za wageni zenyewe hupita bila kuguswa.

Asilimia 0 haimaanishi kwamba mwenye kampuni hadaiwi kodi popote. Kampuni inayoongozwa kwa kweli kutoka nchi nyingine inaweza kuhesabiwa mkazi wa nchi hiyo kwa ajili ya kodi, na mwanahisa hubaki na wajibu wake kwa mamlaka ya kodi ya anakoishi. Jersey ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kubadilishana taarifa za akaunti za benki kwa utaratibu wa kimataifa, na taarifa za kwanza zilitumwa mwaka 2017. Tangu Januari 2019, kwa msukumo wa Umoja wa Ulaya, kampuni zinazofanya shughuli za aina fulani, kama vile kukopesha, kumiliki haki bunifu au kuendesha makao makuu ya kundi la kampuni, zinatakiwa kuonyesha kwamba zinaongozwa na kuendeshwa kisiwani kweli: vikao vya wakurugenzi vifanyike huko, kuwe na watu, ofisi na matumizi yanayolingana na kazi. Na kuanzia Januari 2025, makundi makubwa ya kampuni za kimataifa yenye mapato ya euro milioni 750 au zaidi kwa mwaka yamewekewa kiwango cha asilimia 15. Kwa kampuni ndogo na za kati, asilimia 0 imebaki ilivyokuwa.

Kampuni ikishindwa kulipa madeni, mdai ana njia inayoitwa désastre, chini ya sheria ya mwaka 1990. Mahakama ya Kifalme ikitoa tamko hilo, mali yote ya mdaiwa huhamia mikononi mwa Vikonti, ofisa mtendaji wa mahakama, ambaye huikusanya, huiuza na kuwagawia wadai. Kwa muda mrefu mdai wa kampuni hakuwa na njia ya kuomba mahakama iifilisi kampuni kwa kumteua mfilisi binafsi. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 2022. Mdai aliye ng'ambo na azingatie kwamba dhamana juu ya mali inayohamishika iliyopo Jersey ina taratibu zake, na hati ya dhamana iliyoandaliwa kwa mtindo wa Kiingereza haitoshi peke yake.

Nimeacha kwa makusudi suala la fedha haramu hadi hapa, kwa sababu bila hayo yaliyotangulia huwa lawama isiyo na maelezo. Kenya inalo funzo lake. Kampuni iitwayo Windward Trading Limited, iliyosajiliwa Jersey, ilipokea malipo kutoka kwa kampuni za kigeni zilizokuwa zikitafuta na kupata kazi za shirika la umeme la Kenya kati ya mwaka 1999 na 2001. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilikiri mbele ya Mahakama ya Kifalme makosa manne ya utakatishaji fedha, na mahakama ikaamuru itaifishiwe zaidi ya pauni milioni 3.2 na zaidi ya dola 540,000 za Marekani. Mwaka 2022 serikali za Jersey na Kenya zilitia saini makubaliano ya kuzirudisha fedha hizo kwa wananchi wa Kenya kwa njia ya vifaa vya afya katika kupambana na Uviko. Nigeria nayo, kwa makubaliano ya mwaka 2020 kati yake, Jersey na Marekani, ilirudishiwa zaidi ya dola milioni 300 zilizohusishwa na utawala wa Sani Abacha, zikaelekezwa kwenye barabara na daraja la pili la mto Niger.

Kesi hizi husomwa na wenyeji wa Jersey kama ushahidi kwamba kisiwa ni kisafi, nao wakosoaji huzisoma kama ushahidi kwamba ni kichafu. Nionavyo, zinathibitisha jambo lenye mipaka zaidi. Sheria ya kisiwa ina meno, na dola ikiamua kuyatumia, fedha hupatikana. Lakini kutoka malipo ya mwisho mwaka 2001 hadi makubaliano ya kurudisha fedha ilipita miaka zaidi ya ishirini, na katika muda huo wote Mkenya wa kawaida hakuwa na njia ya kujua, kwa juhudi zake mwenyewe, kwamba kampuni hiyo ni ya nani.

Daftari la wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni, limekuwepo Jersey kwa miongo kadhaa, kabla ya nchi nyingi kubwa kufikiria kuwa nalo, na hushikwa na Tume ya Huduma za Fedha. Taarifa zake hukusanywa kupitia watoa huduma walio na leseni, ambao hutakiwa kuthibitisha utambulisho wa wateja wao. Polisi na mamlaka za kodi za nchi nyingine zinaweza kuzipata kupitia njia rasmi za ushirikiano. Umma hauwezi. Mwaka 2019 Jersey, pamoja na Guernsey na Isle of Man, iliahidi kuelekea kwenye daftari la wazi, lakini Novemba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kufungulia umma wote taarifa hizo kunagongana na haki ya faragha, na visiwa vikarudi nyuma katika ahadi hiyo. Amana, kwa upande wake, haina daftari lolote lililo wazi kwa umma.

Mwandishi wa habari, mdai au mwanachama wa chama cha wafanyakazi anayetaka kuifuatilia kampuni ya Jersey leo anaweza kuanzia kwenye masjala ya mtandaoni ya tume hiyo. Humo atapata tarehe ya kusajiliwa, anwani iliyosajiliwa, katiba ya kampuni, majina ya wakurugenzi na taarifa ya uthibitisho ambayo kila kampuni hutakiwa kuiwasilisha kabla ya mwisho wa Februari kila mwaka. Anwani nyingi zitakuwa za watoa huduma wachachewachache mjini St Helier, na wakurugenzi wengi watakuwa waajiriwa wa watoa huduma hao, kwa hiyo jina la mkurugenzi mara nyingi humwonyesha aliyelipwa kuiongoza kampuni na si anayenufaika nayo. Atakayetaka kufika kwa mnufaika mwenyewe kwa kawaida itambidi apitie dola yake: mamlaka ya kodi, chombo cha kupambana na rushwa au mwendesha mashtaka wa nchi yake, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kumwandikia Mwanasheria Mkuu wa Jersey kuomba msaada wa kisheria, na ambaye barua yake hujibiwa ikiwa imetaja kosa, kampuni, akaunti na sababu za kuamini kwamba fedha zinazotafutwa zilipita humo.